Meli ya Baba Imerudi Kuchomwa

Haskell Cove,
Maine.
21 Novemba 1890.

Mpendwa kaka Asahel,

Nakusalimu kwanza, maana hata msiba hauondoi salamu. Hujambo wewe? Wifi yangu Lavinia hajambo? Na kile kikohozi ulichoniandikia wakati wa Pasaka kimekwisha, au bado mnapumua makaa ya mawe huko Pennsylvania? Mwambie Lavinia akukande kifua kwa mafuta ya bata na kitambaa cha sufu, hata ukikataa. Najua utakataa. Mabusu kwa wanao, na umwambie Ephraim kwamba shangazi yake amemfumia soksi nyingine, safari hii ndefu zaidi, kwa kuwa nasikia miguu yake haitaki kuacha kukua.

Sisi huku tu wazima wa mwili, ukiacha lililotupata. Mume wangu Levi mgongo unamsumbua na anataka kijiji kizima kijue. Theluji imeshaanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena. Tufaha zilikuwa nyingi, nimekausha hadi kamba za kuzitungia zimeisha. Ng'ombe wetu yule mweupe amezaa jike, shukrani kwa Mungu.

Telegramu yako niliipata kesho yake baada ya mazishi. Niliisoma nimesimama palepale stesheni: kwamba msimamizi wako hakukuruhusu kuondoka, kwa kuwa mnatengeneza mabamba ya meli ya serikali na serikali ina haraka. Halafu lile swali lako: je, baba alisema neno juu yangu?

Nimekaa na swali hilo tangu siku ile. Nimeshaanza barua hii mara kadhaa nikaichana. Sikulaumu kwa kutokuja, kaka. Lakini nitasema lililo moyoni: haraka ya serikali ndiyo iliyokutoa nyumbani ukiwa kijana, na haraka hiyohiyo imekuzuia kurudi kumzika baba yako. Hilo limeniuma kuliko baridi ya makaburini.

Ili nikujibu, lazima nianze na meli. Kennebago imerudi.

Ndiyo, ileile meli ya vita aliyoijenga baba. Bwana mmoja aitwaye Pettengill, mnunuzi wa meli kuukuu, aliinunua serikalini. Unaijua ile sheria ya Washington, kwamba meli ya mbao isitengenezwe tena ikiwa matengenezo yanapita sehemu moja ya tano ya bei ya meli mpya. Wakaguzi waliingia ndani yake, wakatoka wakipangusa viatu, basi ikawa imekwisha. Wanataka za chuma sasa, kama hizo zako. Moja ilipita hapa mwezi wa Agosti, nyeupe pe, moshi juu, watu wakapanda kwenye paa la kanisa kuitazama. Baba alibaki shambani akipalilia viazi. Jotham Orcutt, unamkumbuka, yule mpasua mbao rafiki yake asiyejua kunyamaza, alimpigia kelele kutoka barabarani, "Eliphalet! Njoo uone sufuria la mwanao linavyoelea!" Baba akamjibu, "Hata sufuria huelea, mpaka litoboke." Wakacheka wote wawili. Ila viazi alivyovikata kwa jembe siku ile vilitutosha kwa supu.

Pettengill alichagua ghuba yetu kwa kuwa hapa maji hujaa sana na kupwa sana. Unaivuta meli maji yakijaa, yakipwa inakaa mchangani, unaichoma, kisha unaokota shaba kwenye majivu. Meli ile iliingia na kulazwa karibu kabisa na pale iliposhushwa majini mara ya kwanza, chini ya karakana ya marehemu Bwana Tarbell. Sijui kama Mungu alipanga hivyo au ni mchanga tu ulivyokaa.

Kisa chenu unakijua kuliko mimi, lakini niruhusu nikisimulie nilivyokiona. Nilikuwa binti mdogo, nimewaletea chakula cha mchana, maharage na mkate mweusi. Vita vya Kaskazini na Kusini vilikuwa vimepamba moto, serikali ilitaka meli jana, na Bwana Tarbell alileta mialoni iliyokatwa majira yaleyale ya baridi. Ulikuwa umeshika keekee, unatoboa taruma, ule ubavu wa meli, na utomvu ukakutiririkia mkononi. Ukamwambia baba mbele ya mafundi wote: "Baba, mti huu bado unalia. Tukiujengea, utaoza kabla mimi sijaota ndevu nzuri." Wengine walicheka. Baba aliona umemvua nguo mbele ya watu. Akasema, "Shuka kwenye meli yangu." Ukashuka. Hukugusa hata maharage.

Ulikuwa na haki, naye alijua. Nilimwona akipitisha kidole kwenye ule utomvu baada ya wewe kuondoka, akaupangusia suruali. Lakini angemwambia nini Tarbell? Alikuwa na nyumba ya kulisha, na mama akiwa mgonjwa. Haraka haraka haina baraka, kila mtu hapa anausema msemo huo, ila hakuna aliyeusema siku ile isipokuwa mtoto wa miaka kumi na tisa.

Tangu hapo, Kennebago ilipoingizwa matengenezoni mwaka baada ya mwaka, baba alikuwa na maelezo yake. Ni joto la Kusini. Ni mabaharia wavivu wasiopitisha hewa chini ya sitaha. Ni rangi mbovu. Mtu akitaja neno "mbichi" hata kwa habari ya kuni, aliondoka chumbani. Nawe huko uliapa hutatia mguu nyumbani mpaka akiri. Fahali wawili, na mimi katikati nikishika zizi.

Kile kipande cha feleji, hicho chuma chenu kigumu, ulichomtumia, kile ulichosema ni cha bamba la kwanza ulilolipitisha wewe mwenyewe kwenye mashine, unakumbuka? Nilikuandikia kwamba alikipokea vizuri. Ukweli ni kwamba alikigeuza mkononi, akakigonga kwa kucha, akasema, "Kitafaa kuzuia mlango." Tangu siku hiyo kilikaa sakafuni kikizuia mlango wa jikoni, ule unaopigwa na upepo wa baharini. Nilikuwa nikikisugua kila Jumamosi kisipate kutu. Yeye alikuwa akikiruka tu.

Na sanduku lake la zana unajua desturi yake. La fundi wa meli huenda kwa mwana anayefanya kazi ileile. Asipokuwepo, huenda kwa fundi mwingine. Baba alisema mara nyingi, mezani, mbele ya wageni: "Zana zangu hazitakwenda kwa mtu anayefanya kazi ya mhunzi." Jotham alikuwa ameshaanza kuitazama ile tezo ya kuchongea mbao kwa jicho la urithi.

Sasa, siku ya kuchoma. Watu walikuja na vikapu vya chakula, kana kwamba ni sikukuu. Nilimsihi baba abaki nyumbani. Akavaa kofia yake ya kanisani akaenda.

Pettengill akawasha moto. Kaka, meli ile haikuwaka. Mwaloni mkavu huwaka kwa sauti, unajua mwenyewe, hulia kama mvua juu ya paa. Hii ilitoa moshi tu, mzito, wa manjano, unaonuka kama pishi lililoingia maji. Mchana kutwa ikawa inafuka. Watu wakafunga vikapu vyao wakakohoa. Jotham akasema kwa sauti yake ileile, "Eliphalet, mtoto wako hawaki, anavuta kiko tu!" Safari hii baba akaivuta tu kofia yake hadi kwenye nyusi. Jotham naye akaona amevuka mpaka, akaanza kuzungumza juu ya bei ya nyasi.

Kesho yake moto ulikuwa umejifia wenyewe upande wa nyuma. Maji yakapwa, Pettengill akaingiza watu wake na nyundo na mitaimbo waing'oe ile misumari mikubwa ya shaba iliyoshika mataruma kwenye mkuku, uti wa mgongo wa meli. Levi alikuwa mmoja wao, mgongo na yote. Hawakujua waanzie wapi. Baba akavua viatu, akaingia kwenye lile tope baridi mpaka magotini, akawapita wote. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja mahali fulani ubavuni, pale ulipokuwa umesimama na keekee yako. Nilikuwa ufukweni, nilimwona wazi.

Akakishika kichwa cha msumari. Msumari mrefu kama mkono wangu, ambao yeye mwenyewe aliupigilia kwa nyundo ya mikono miwili. Akauvuta kwa vidole. Ukatoka kama jino la mtoto.

Nikamsikia Pettengill akisema, si kwa ubaya, ni mtu wa biashara tu, "Mzee, kumbe hapa hatuhitaji nyundo. Leteni ndoo!" Vijana wakacheka. Baba alisimama pale na ule msumari, akaingiza kidole kwenye tundu, kikatoka na kitu kama uji mweusi. Akakitazama kidole, kisha akakipangusia suruali yake, vilevile kama zamani. Jotham akamfuata majini na viatu vyake, akamshika kiwiko.

"Twende nyumbani, Eli. Sote tulikuwepo. Sote tulinyamaza."

"Si sote," baba akasema.

Hayo ndiyo maneno pekee niliyomsikia akisema juu ya jambo hilo, na yaandike moyoni. Lakini hakulitaja jina lako, nami sitakuongezea chumvi.

Baada ya hapo alijifungia kwenye banda lake la kazi. Nilimsikia akipiga randa, na patasi, tok tok, siku nzima, kwa siku kadhaa. Nikadhani anatengeneza sleji ya Levi ya kuvutia kuni kwenye theluji. Nikafurahi, nikasema afadhali mikono yake imepata kazi. Akatoka akitetemeka. Yale maji ya ghuba yalikuwa yamemwingia. Kikawa kichomi, na daktari alipotoka chumbani hakuniangalia machoni.

Nilikaa naye. Nilijua huu ndio wakati, na mimi si mtu wa kuzunguka. Nikamwambia, "Baba, namwandikia Asahel. Nimwambie nini?"

Akasema, "Mwambie mlango wa jikoni unagonga."

Nikasema, "Baba, mlango Levi atautengeneza. Nakuuliza juu ya mwanao. Asahel nimwambie nini?"

Akaniangalia kama fundi anavyomwangalia mwanafunzi mzito. "Si nimeshakwambia."

Akafumba macho. Hasira zilinipanda, kaka, Mungu anisamehe. Mwanamume anakwenda mbele ya Muumba wake na bado anazungumza juu ya milango! Nilikwenda jikoni, na kweli mlango ulikuwa unagonga, ba, ba, ba, nikaukandamizia gogo la kuni bila hata kutazama chini. Alfajiri alikuwa ametuacha, kwa utulivu.

Sasa unajua kwamba baba aliweka mbao za jeneza lake mwenyewe juu darini, za msonobari mweupe, tangu mwaka aliofariki mama. Kila masika alizigeuza ili zikauke sawasawa. Aliwaambia watu wote, "Sitalala kwenye mti usiokauka." Jotham alizishusha ili amtengenezee rafiki yake, akazipanga sakafuni, akapima, akapima tena. Ubao mmoja haukuwepo.

Ilikuwa vurugu. Jotham akamgeukia Levi: "Wewe! Umejengea banda la kuku!" Levi akaapa kwa jina la mama yake. Jotham akasema, "Mama yako alikuwa mwongo pia." Walikaribia kushikana mashati juu ya jeneza lisilo na ubavu. Mchungaji alikuwa anasubiri, ardhi inaganda, hakukuwa na muda. Ikabidi Levi akimbie kwenye mashine ya kupasulia mbao akalete ubao uliopasuliwa asubuhi ileile, wa mti uliokuwa umesimama wiki iliyopita. Jotham aliupiga misumari huku analia waziwazi, na utomvu ukamgandia vidoleni. "Tusamehe, Eli," akawa anasema, "tusamehe, ni mbichi, hatuna mwingine."

Ndivyo tulivyomzika. Ile aibu aliyoikimbia maisha yake yote tukamlaza ubavuni mwake, na hatukuwa na la kufanya. Sikulala vizuri kwa ajili ya ubao ule.

Juzi niliingia bandani kufagia. Sanduku la zana lilikuwa katikati, limefungwa kamba pande zote mbili, kama mzigo wa treni. Nikaona ajabu, kwa sababu mtu anayemwachia Jotham sanduku hafungi kamba, Jotham anakaa ng'ambo ya barabara. Nikafungua. Zana zake zote zimenolewa na kupakwa mafuta. Na juu yake kuna trei mpya ya msonobari mweupe, mkavu, mwepesi, viungo vimekamatana hata ukucha haupiti. Katikati ya trei amechimba kwa patasi nafasi yenye umbo la kitu fulani chenye pembe moja iliyovunjika kidogo. Ndani yake, kimekaa bila kucheza hata kidogo, kipande chako cha feleji. Kando yake, kwenye mfereji wake mwenyewe, ule msumari wa shaba alioung'oa kwa vidole.

Nikakaa sakafuni kwenye maranda ya mbao. Nikasikia mlango wa jikoni unagonga, maana gogo lilikuwa limeteleza. Ndipo nikaelewa kwa nini unagonga, na kwamba mzee alikuwa amenijibu vizuri kabisa, nami nikamkasirikia.

Kwa hiyo swali lako, kaka. Je, baba alisema neno juu yako? Hakusema. Laiti angesema. Laiti wewe ungepanda treni mwaka jana nilipokuomba, au yeye angechukua kalamu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu nimemlea mimi peke yangu kwa miaka mingi, nimechoka kumbeba. Lakini baba yetu, aliyeapa hatalala kwenye mti usiokauka, amelala na ubao mmoja mbichi ubavuni, kwa sababu ule mkavu alikutengenezea wewe.

Jotham nimemwonyesha. Aliitazama ile trei, akavua kofia, akasema, "Basi mwambie mhunzi aje achukue mali yake." Kisha akaenda kumwomba Levi radhi habari za mama yake.

Sanduku sitalituma kwa treni. Msimamizi wako akiisha kutimiza haraka ya serikali, njoo ulifunge kamba mwenyewe. Mlango wa jikoni tumeuacha ugonge, sijapata moyo wa kuuwekea kitu kingine.

Levi anakusalimu, na anasema ukija ulete dawa ya mgongo ya huko mjini. Jotham anakusalimu. Bibi Thirza Haskell, aliyekufundisha kusoma, bado yu hai na bado anauliza kama unachana nywele. Msalimie Lavinia, umbusu Ephraim na wenzake, uwaambie walikuwa na babu ambaye mikono yake ilikuwa na maneno mengi kuliko kinywa.

Mungu aliyemlaza mzee wetu akulinde kwenye moto unaofanyia kazi, akupe njia ya kuja kabla theluji haijafunga reli.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, katika majonzi na katika heri,

Tryphena